Serikali Iwe Mbia wa Nyumba Yako? Mjadala wa Kariakoo

Tuseme fleti mpya ya vyumba viwili, Ilala au Upanga, inauzwa shilingi milioni 120. Mfukoni una milioni 12. Benki iko radhi kukukopesha milioni 60, na hapo imefika mwisho. Zimebaki milioni 48. Serikali inakwambia: hizo naweka mimi, na riba sikudai, ila asilimia 40 ya nyumba ni yangu. Siku utakapouza, au utakapotaka kunitoa, utanilipa asilimia 40 ya bei ya siku hiyo, iwe imepanda au imeshuka.

Huo ndio mkopo wa ubia. Uingereza uliendeshwa kuanzia 2013 hadi 2023 kwa jina la Help to Buy, kwa nyumba mpya tu: serikali iliweka hadi asilimia 20 ya bei, na London hadi asilimia 40 kuanzia 2016. Miaka mitano ya kwanza mnunuzi hakulipia fungu hilo. Mwaka wa sita alianza kutozwa ada ya asilimia 1.75. Hapa Tanzania tunao ndugu wa karibu wa mkopo huo: mpangaji mnunuzi, miradi ya ubia ya Shirika la Nyumba la Taifa (NHC), na mikataba ya mwenye kiwanja na mwekezaji inayoandikwa Kariakoo, jijini Dar es Salaam, kila kukicha. Je, hatua ya pili ichukuliwe? Hazina iingie ubia na mnunuzi mmojammoja?

Wanaojadiliana hapa wametungwa, lakini hoja zao zinasikika kila siku. MAMA anauza vitenge Mtaa wa Kongo na amepanga Ilala. MZEE ni mstaafu wa benki. Familia yake ina nyumba ya urithi Mtaa wa Narung'ombe. DADA ni mpangamiji. DALALI ni dalali.

Mlango na wanaoufikia

MAMA: Naanza mimi, maana ndiye ninayesemewa. Kodi nalipa ya miezi sita kwa mkupuo. Ikiisha, mwenye nyumba akiamua kupandisha, anapandisha. Chaguo langu ni kulipa au kufunga virago. Biashara yangu inazunguka, wanangu wanasoma, lakini kila shilingi ya kodi ikishatoka hairudi. Leo mtu ananiambia serikali itamiliki asilimia 40 ya nyumba yangu, nami niogope. Niogope nini? Pale ninapolala sasa namiliki asilimia ngapi?

MZEE: Mwanangu, hilo la kupandishiwa lina historia. Ilikuwapo sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Ilifutwa 2005, na tangu hapo mpangaji amebaki na mkataba wake, kama anao. Kwa hiyo kiu yako naielewa. Sasa tupige hesabu. Ukikopa milioni 108 kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 20, marejesho yanazidi milioni moja na laki nne kwa mwezi. Ukikopa milioni 60 kwa masharti hayohayo, ni kama laki saba na tisini. Tofauti ni zaidi ya laki sita kila mwezi. Sitasimama hapa niseme hiyo si kitu.

MAMA: Basi tumekubaliana.

MZEE: Bado. Mkopo wa ubia hausimami peke yake. Unategemea mkopo wa benki. Asiyeupata wa benki, wa serikali hana pa kuupandikiza. Sasa tazama wanaopata wa benki. Sheria ya Mikopo ya Nyumba ilipitishwa 2008. Kampuni ya TMRC, inayoyapa mabenki fedha za muda mrefu kwa ajili ya nyumba, iliundwa 2010. Mwishoni mwa 2021 mikopo ya nyumba nchi nzima ilikuwa kama 6,000. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61, na Dar es Salaam peke yake zaidi ya milioni tano. Hao 6,000 hawana shida ya mlango, wameshaingia. Wewe unayeuza vitenge, benki itakuuliza barua ya mwajiri.

MAMA: Nimeshaulizwa. Niliwaonyesha miamala ya simu na daftari la mauzo. Wakaniambia nirudi na mshahara.

MZEE: Ndiyo maana nasema fedha za ubia zitachukuliwa na mwenye ajira ya kudumu, ambaye pengine angenunua hata bila msaada. Si dhana yangu. Mkaguzi wa taifa wa Uingereza aliuchunguza mpango wao 2019 akakuta kama watu watatu kati ya watano waliosaidiwa wangeweza kununua nyumba bila msaada ule. Hiyo ni nchi ambayo mkopo wa nyumba ni jambo la kawaida. Hapa kwetu hali itakuwaje?

DADA: Shikamoo Mzee. Naomba niliongezee upande wa pili ulioonekana katika ukaguzi huohuo: wawili kati ya watano wasingeweza. Kwa mpango wa mamia ya maelfu ya nyumba, hao si wachache. Ukitaka kuutetea mkopo wa ubia, huna haja ya kusema unamfikia kila mtu. Sema masharti yake yakiandikwa vizuri yanaweza kumchagua anayehitaji. Barua ya mwajiri si amri ya Mungu. Serikali ikiwa mbia, ina haki ya kuiambia benki: miamala ya miaka mitatu ya Mama inatosha.

MZEE: Marahaba. Ina haki, ndiyo. Je, ina ujasiri? Benki ya Nyumba Tanzania ilianzishwa miaka ya 1970 kwa kazi hiihii ya kumkopesha mwananchi. Ilifungwa 1995, mikopo mingi ikiwa haijarudi. Serikali inapokuwa mbia na mkopeshaji kwa wakati mmoja, mkopaji huiona kama mzazi. Na mzazi hadaiwi wala hafukuzi.

Bei inavyojua njia ya kupanda

DALALI: Ngojeni niwasaidie, maana nyote mnaongea kana kwamba bei ya nyumba imechongwa kwenye jiwe. Mwenye mali mjini haulizi jengo limemgharimu kiasi gani. Anauliza mteja anazo ngapi. Siku itakapotangazwa kwamba serikali inaweka milioni 48, ile fleti ya milioni 120 itakuwa ya 150 kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

MAMA: Hapo kaka umesema kweli. Fremu za maduka ni hivyohivyo. Biashara ikichangamka, kilemba kinapanda, na faida ya msimu inakwenda kwa aliyeshika funguo.

DALALI: Kilemba ni mfano mzuri. Anayeingia kwenye fremu yenye wateja humlipa anayetoka, kabla hata ya kodi. Fremu haijaongezwa tofali. Kilichopanda ni fedha za wanaoitaka. Ukimwaga fedha pasipoongezeka majengo, umempa mwenye jengo.

DADA: Naafiki, ila naweka mpaka. Wachumi wa London School of Economics walilinganisha maeneo mawili ya mpango ule wa Uingereza. Kwenye mpaka wa jiji la London, ambako ardhi ya kujenga imebanwa, ongezeko la msaada lilipandisha bei ya nyumba mpya na ujenzi haukuongezeka. Kwenye mpaka wa Uingereza na Wales, ambako viwanja vinapatikana, bei haikupanda na nyumba zilizojengwa ziliongezeka. Msaada ni uleule, matokeo tofauti. Jibu lilitegemea ardhi.

MZEE: Na Kariakoo ni London au ni Wales?

DADA: Kariakoo ni London mara mbili. Kuna mitaa iliyonyooka iliyopimwa enzi za ukoloni, viwanja vidogo vya nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, na kila kiwanja kinawaniwa na biashara ya nchi tano jirani. Lubumbashi, Lusaka, Lilongwe, Bujumbura, Kampala, wote wanafuata mzigo hapa. Ukileta fedha za mkopo wa ubia Mtaa wa Aggrey, mwenye ghorofa atazimeza, na fleti haitaongezeka hata moja. Ukizipeleka Kigamboni au Chanika, huenda zikajenga. Lakini Mama dukani anafungua saa moja asubuhi. Umpeleke Chanika?

DALALI: Na kuna jambo jingine ambalo hamjaligusa. Fleti ya Kariakoo haikai fleti. Panda ghorofa lolote la karibu na soko, uhesabu milango. Ya chini ni fremu. Ya pili fremu. Ya tatu na ya nne mchoro ulisema makazi, lakini ndani kuna mabelo, viatu, vyombo vya plastiki hadi darini. Stoo inalipa kuliko familia, na stoo hailalamiki maji yakikatika. Serikali itanunua asilimia 40 ya sebule, ikirudi baada ya mwaka itakuta inamiliki asilimia 40 ya ghala.

MAMA: Mimi mwenyewe stoo yangu ni chumba cha kulala cha mtu.

Ubia uliopo tayari

MZEE: Mnazungumza ubia kama kitu cha kuletwa na ndege. Kariakoo tuko ndani ya ubia tangu ghorofa zianze kuota penye nyumba za bati. Sisi warithi tuna kiwanja, fedha hatuna. Mwekezaji ana fedha, kiwanja hana. Anakuja na mchoro, tunakaa kikao cha ukoo, tunaandikiana. Anajenga ghorofa, sisi tunapewa sakafu kadhaa, au yeye anakusanya kodi kwa miaka tuliyokubaliana kisha jengo linarudi kwetu. Baba hakuweka hata mfuko mmoja wa saruji. Aliweka ardhi, na ardhi ikahesabiwa kuwa mtaji.

DALALI: Na mnagombana.

MZEE: Tunagombana sana. Shangazi aliyeolewa Tanga anakumbukwa siku ya kugawana. Mkataba ulioandikwa na wakili wa mwekezaji unasomwa baada ya jengo kusimama. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuna daftari, lakini la upande mmoja. Pamoja na hayo, hakuna familia iliyokubali kuuza kiwanja moja kwa moja ambayo leo haijutii. Walioshika fungu la ardhi bado wako mjini.

DADA: Sasa tazama serikali inafanya nini. NHC iliundwa 1962. Mwaka 1971 ikapitishwa sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba; jengo lililozidi miaka kumi halikulipiwa fidia. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na NHC. Ndiyo sababu shirika moja linashikilia viwanja vingi vya katikati ya jiji, Upanga na Kariakoo. Na NHC nayo inaingia ubia: inaleta kiwanja chenye jengo kuukuu, mfanyabiashara analeta fedha, linajengwa ghorofa, wanagawana. Sera mpya ya ubia ilizinduliwa 2022, na Kariakoo imo katika miradi yake. Kumbe serikali inajua kuwa mbia. Inajua hata kuhesabu ardhi kama hisa.

MAMA: Inajua kuwa mbia wa mwenye mabilioni. Na yule mpangaji wa jengo kuukuu, aliyelipa kodi miaka thelathini, hisa yake iliandikwa wapi?

DALALI: Iliandikwa kwenye notisi ya kuhama.

DADA: Hilo ndilo swali langu kwa mkopo wa ubia. Watu wanauliza Hazina itoe asilimia ngapi. Mimi nauliza Hazina itoe kitu gani. Fedha zikiingia sokoni hupandisha bei, Dalali ametuonyesha. Ardhi ikiingia haipandishi, kwa sababu ardhi ndiyo sehemu ya bei ambayo mwenye ghorofa angeitoza.

MZEE: Fafanua, binti yangu, hapo ndipo penye mzizi.

DADA: Turudi kwenye milioni 120. Tuseme milioni 72 ni jengo: nondo, saruji, lifti, kodi za ujenzi, faida ya mkandarasi. Milioni 48 ni thamani ya pale liliposimama. Katika mkopo wa ubia wa Uingereza, serikali ingetoa taslimu milioni 48 kwa muuzaji. Katika ninachokisema, kiwanja ni cha NHC, hakiuzwi. Mkandarasi anapatikana kwa zabuni ya kujenga tu. Mama analipia milioni 72, na asilimia 40 ya serikali ni kile kiwanja, kinabaki mali ya umma. Fungu ni lilelile, ila hakuna noti iliyopita mkononi mwa muuzaji hata apate hamu ya kupandisha bei.

MZEE: Na kisheria hakuna kigeni. Sheria ya Ardhi ya 1999 imesema ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Hati uliyonayo ni ya miaka 33, 66 au 99. Serikali imekuwa mbia chini ya sakafu yako siku zote. Haijawahi tu kukuhesabia. Na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 inaruhusu mtu kuwa na hati ya fleti yake ndani ya jengo la wengi.

Magomeni, na nyumba zilizokwenda

DALALI: Hayo ya karatasi. Kuna aliyewahi kuyafanya?

DADA: Nenda Magomeni Kota. Familia 644 zilizokuwa kwenye nyumba za zamani ziliondolewa, zikasubiri takriban miaka kumi. Septemba 2016 Rais Magufuli alifika pale akaahidi watarudishwa na kukaa miaka mitano bila kulipa kodi. Wakala wa Majengo Tanzania, TBA, ukajenga maghorofa. Rais Samia aliyazindua Machi 2022. Wakazi wakaomba wauziwe, na serikali ikakubali kwa utaratibu wa mpangaji mnunuzi. Bei iliyotangazwa iliiacha ardhi nje ya hesabu: fleti ya chumba kimoja chini kidogo ya milioni 50, ya vyumba viwili chini kidogo ya milioni 60, kulipwa kwa muda mrefu. Taja nyumba mpya nyingine yenye lifti, hatua chache kutoka mwendokasi, kwa bei hiyo.

MAMA: Na wapo waliosema bado ni ghali.

DADA: Wapo, na wana haki ya kusema; wengine ni wastaafu wasio na kipato cha kutosha. Lakini ona kilichoishusha bei. Serikali haikumpa mnunuzi hundi akahangaike sokoni. Iliondoa ardhi kwenye hesabu.

MZEE: Hapo nakukubalia nusu, na nusu ya pili nakukatalia kwa nguvu. Kuondoa ardhi kwenye bei ni jambo moja. Kuitoa ardhi bure ni jingine. Mkumbuke kuanzia 2002 serikali iliwauzia watumishi wake nyumba za umma kwa maelfu, nyingine kwenye viwanja vya Oysterbay na Upanga ambavyo haviwezi kununuliwa tena na mfuko wowote wa umma. Aliyenunua alipata faida ya maisha. Mtumishi aliyeajiriwa baada yake alikuta nyumba zimekwisha, na serikali ikaanza kumpangia hoteli au kujenga upya kwa bei ya leo. Ukimwachia Mama ardhi milele, umemfurahisha Mama na umemfungia binti wa Mama.

DADA: Ndiyo maana nasema ubia, sisemi zawadi. Fungu la ardhi halifutiki. Mama akiuza baada ya miaka kumi, na fleti imefika milioni 200, asilimia 60 ni yake, milioni 120. Alilipia 72, faida yake halali. Asilimia 40 inabaki kwenye kiwanja, na anayenunua naye anaingia kwa bei isiyo na ardhi. Singapore wameishi hivyo kwa nusu karne na zaidi: fleti za umma zinauzwa kwa miaka 99 juu ya ardhi ya serikali, na huuzi kabla ya kukaa angalau miaka mitano.

DALALI: Na mtu akiuza chini ya meza? Anaandikisha milioni 72, anapokea 150 kwenye mfuko wa rambo.

MZEE: Atauza. Hilo msilifiche. Nyumba inayouzwa chini ya bei ya soko itatafutiwa mlango wa nyuma na watu hodari kuliko sisi. Dawa yake ni moja: mauzo yote yapitie kwa mbia. Mama anairudishia NHC kwa bei ya mthamini, NHC inampa anayefuata kwenye orodha.

MAMA: Orodha ya nani? Hapo ndipo roho inapodunda. Nyumba za bei nafuu nimezisikia tangu niko msichana. Siku ya kugawa, majina yanafahamika.

Nani alipie?

DALALI: Sawa, lakini mtu aiulize NHC. Shirika linatakiwa kujiendesha kwa mapato yake. Kiwanja kimoja cha Kariakoo kikijengwa fremu kuanzia chini hadi juu, mapato yake yanajenga nyumba mkoani. Dada anataka kikae pale na familia juu yake. Nani atafidia?

DADA: Fremu zenyewe. Sakafu mbili za chini zibaki za biashara, zipangishwe kwa bei ya soko, kwa uwazi, bila kilemba cha pembeni. Mapato hayo yalipie lifti, ulinzi na sehemu ya ujenzi wa juu. Kariakoo biashara ya chini ina nguvu ya kubeba makazi ya juu kuliko mtaa mwingine wowote nchini. Inachokipoteza NHC ni faida ya ghorofa za katikati zilizokuwa zigeuke stoo.

MZEE: Njia nyingine mmeiona kwa majirani. Kenya wameamua kila mwenye mshahara akatwe asilimia 1.5, na mwajiri aongeze asilimia 1.5. Mahakama ilikataa mwishoni mwa 2023 jinsi tozo ilivyoanzishwa, Bunge likaipitisha upya Machi 2024. Wanajenga, hilo halikataliki. Lakini anayekatwa Turkana na Kisumu anajenga nyumba ambayo pengine hataikalia. Kuchukua ardhi iliyolala kuna haki zaidi kuliko kuchukua mshahara ulioamka.

MAMA: Mimi nina jingine, na wengi mtaani kwangu watalisema kabla yangu. Riba. Wapo wanaokaa kwenye nyumba mbovu kwa kuwa hawataki riba, wala si kwa kukosa marejesho. Ubia huu unawasaidia?

MZEE: Unawasaidia kuliko mkopo wa kawaida. Benki zinazofuata sharia zina mkataba wa musharaka ya kupungua: mnanunua pamoja, unaishi, unalipa kodi kwa fungu la mwenzio, na kila kipindi unanunua sehemu ya fungu hilo mpaka liishe. Benki ya Amana, ya kwanza nchini kuendeshwa kwa misingi hiyo pekee, ilifungua milango 2011. Kama serikali inashika ardhi, na benki ya namna hiyo inashika jengo pamoja na Mama, ubia unakuwa wa watu watatu na hakuna riba ndani yake. Kwa Kariakoo hilo si jambo la pembeni. Ni soko zima la wateja ambalo mabenki mengi hayajalifikia.

MAMA: Swali langu la mwisho. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 la Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka, watu 36 wakafa. Novemba 2024 jengo likaanguka hapahapa Kariakoo, tukafukua wenzetu kwa mikono. Mbia wangu mwenye asilimia 40, jengo likipasuka nguzo, atakuja na asilimia 40 ya hasara? Au siku hiyo nitaambiwa nyumba ni yangu?

DADA: Hilo liandikwe mstari wa kwanza wa mkataba. Mbia anayegawana faida agawane na hasara, na kwa kuwa ndiye anayetoa kibali, kukagua nondo na kusimamia mkandarasi, hasara ya ujenzi mbovu iwe yake zaidi. Huo ndio ubora wa ubia juu ya mkopo: mkopeshaji anadai hata jengo likiwa kifusi, mbia wa kweli anaogopa kifusi kama wewe.

DALALI: Ukiandikwa hivyo, mimi mwenyewe naomba fomu.

Nilipofikia

Mwandishi wa mjadala hana budi kusema alipokaa. Nimekaa kwa Dada, nikiwa na masharti mawili ya Mzee na moja la Mama.

Mkopo wa ubia wa fedha taslimu haufai katikati ya Dar es Salaam. Ardhi imebanwa, mikopo ya benki inawafikia wachache wenye mishahara, na kila shilingi ya Hazina itaishia kwa aliyeshika jengo. Uingereza, yenye mabenki yaliyokomaa, haikuukwepa mtego huo London. Hatuna sababu ya kuamini Kariakoo itaukwepa. Wanaotaka kuujaribu waujaribu pembezoni, penye viwanja, na waupime kwa nyumba zilizoongezeka badala ya mikopo iliyotolewa.

Lakini kuukataa mkopo wa fedha kusitufanye tuukatae ubia. Serikali inazo hisa katikati ya jiji, nazo ni viwanja. Kwa sasa inaziingiza kwenye meza moja na wafanyabiashara, na huko hakuna ubaya. Fungu fulani la kila mradi wa ubia wa NHC linaweza kuandikwa tangu mwanzo kuwa la makazi ya kununuliwa kwa bei ya jengo tu, kipaumbele kikianza na mpangaji aliyeondolewa kupisha jengo hilo. Sharti la kwanza la Mzee ni kwamba ardhi isiuzwe kamwe. La pili, fleti ikiuzwa irudi kupitia kwa mbia. La Mama ni kwamba orodha ya waombaji na ya waliopata zibandikwe hadharani, mtaani, majina yasomeke.

Mzee hakuridhika. Anaona fedha na nguvu zote zingeelekezwa kwanza kwenye nyumba za kupanga zenye mikataba mirefu na kodi inayotabirika, kwa sababu wauza vitenge wengi hawatafikisha hata milioni 72. Hoja yake ina uzito, na mpango wa ubia usioacha vyumba vya kupanga utakuwa umeijibu nusu ya Kariakoo. Ila mpangaji mwenye mkataba mzuri bado hana cha kumwachia mwanawe, na katika mtaa ambao kila mwenye kiwanja amekuwa mbia wa mtu, ni vigumu kumweleza Mama kwa nini yeye peke yake aendelee kuwa mteja.

Alipoulizwa kama atasaini, Mama alijibu kwa masharti: aonyeshwe kwanza ukurasa wa hasara.